Mficha Maradhi katika Nchi ya Barafu

Ni asubuhi ya mwezi Machi katika mji mdogo wa Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard nchini Norwei, karibu na nyuzi 78 kaskazini ya ikweta. Watalii wanane wamesimama mbele ya ghala wakivaa suti nene, buti zenye bitana ya sufu na kofia ngumu. Kiongozi wa msafara, bunduki begani kwa tahadhari ya dubu weupe, anawaeleza njia, hali ya hewa na namna ya kuendesha pikipiki ya theluji. Mwishoni anauliza swali moja: je, yupo mwenye maradhi yoyote ambayo yeye angepaswa kuyafahamu? Wote wananyamaza. Mmoja anatabasamu na kutikisa kichwa. Msafara unaondoka.

Tukio la namna hii hujirudia kila msimu, na kimya hicho ndicho kiini cha makala haya. Katika kundi la watu wanane waliovuka umri wa miaka hamsini, ni nadra kumkosa mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au moyo uliowahi kutibiwa. Aghalabu yupo anayemeza vidonge chumbani mwake alfajiri, kisha akashuka kwenye kifungua kinywa na kusema kwamba hajambo. Hana nia mbaya. Amelipia safari kwa akiba ya miaka mingi, hataki kuonekana dhaifu mbele ya watu asiowajua, wala hataki kuwa sababu ya wenzake kurudishwa njiani. Hata hivyo, wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika nchi ya barafu, methali hiyo ni ushauri wa kitabibu.

Watu huendea nini kaskazini?

Aktiki ni eneo lililo kaskazini ya nyuzi 66 na nusu, ambako kila mwaka kuna angalau siku moja jua lisipozama na siku moja lisipochomoza. Nchi nane zina ardhi au bahari katika eneo hilo: Norwei, Uswidi, Ufini, Aisilandi, Urusi, Kanada, Marekani kupitia Alaska, na Denmark kupitia Greenland. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo siku hizo zinavyoongezeka. Mjini Longyearbyen jua halionekani kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na halizami kuanzia karibu Aprili 20 hadi Agosti 23.

Wageni wa majira ya baridi hufuata mwanga wa kaskazini, ile mikanda ya kijani inayocheza angani usiku, pamoja na safari za vigari vya theluji vinavyovutwa na mbwa. Wageni wa kiangazi hupanda meli ndogo, kisha wakashushwa pwani kwa boti za mpira ili waone barafu ikimeguka baharini, ndege wa majabali na, kwa bahati, dubu mweupe kwa mbali.

Wengi husafiri kwa kundi lenye kiongozi, na sababu yake si anasa. Nje ya makazi ya Svalbard dubu aweza kutokea popote. Tangu Januari 1, 2025, kanuni za huko zinamtaka kila mtu akae mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya Machi 1 na Juni 30. Barafu ya bahari yaweza kuonekana imara kumbe ni nyembamba, na milima ya barafu ina nyufa ndefu zilizofunikwa na theluji laini. Mgeni hawezi kuzisoma alama hizi, na kiongozi huzisoma kwa niaba yake.

Warudio husimulia ukimya mkubwa, mwanga usio na mfano na udugu uliozuka kati ya watu waliokutana jana yake. Husimulia pia mambo ambayo hayamo katika matangazo ya safari. Baridi haiwaumizi sana wanapotembea. Huwaumiza wanaposimama saa mbili usiku wakiusubiri mwanga angani, au wanapoketi kwenye kigari bila kujongea. Jua la usiku wa manane huwanyima usingizi, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kukosa usingizi kwaweza kuamsha maradhi. Hewa kavu huwakausha bila wao kuhisi kiu. Tena wapo, hasa wanawake, wanaojizuia kunywa maji kwa kuwa kuvua suti nene ili kujisaidia mahali pasipo na choo ni mtihani. Matokeo yake ni kizunguzungu, kufunga choo au maambukizi ya njia ya mkojo.

Umbali kutoka hospitalini

Mjini, mtu akishikwa na maumivu ya kifua, swali ni hospitali ipi iliyo karibu. Kaskazini, swali ni kama helikopta itaweza kuruka. Longyearbyen ina hospitali ndogo yenye vitanda vichache. Inaweza kutuliza hali ya mgonjwa, lakini mwenye kuhitaji uchunguzi wa mishipa ya moyo au uangalizi mkubwa hupelekwa kwa ndege hadi Tromsø, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Hata wajawazito wa mji huo husafiri kwenda bara kabla ya siku zao za kujifungua.

Tukio la Septemba 2023 lilionyesha maana ya umbali huo. Meli ya kitalii iitwayo Ocean Explorer, ikiwa na watu 206, ilikwama kwenye tope katika ghuba ya Alpefjord, kaskazini-mashariki mwa Greenland. Meli ya jeshi la majini la Denmark iliyoitwa kusaidia ilikuwa na zaidi ya kilomita 2,000 za kusafiri. Abiria walisubiri siku tatu, mpaka meli ya utafiti wa uvuvi ilipoinasua wakati wa maji kujaa. Hakuna aliyejeruhiwa. Hata hivyo, siku hizo tatu zinampa kila msafiri swali la kujiuliza: kama dawa zangu zingekuwa za siku zilizopangwa tu, ningefanyaje?

Baridi hufanya nini mwilini?

Mwili wa binadamu hulinda kwanza moyo, ubongo na viungo vya ndani. Baridi inapozidi, mishipa midogo ya damu kwenye vidole, pua, masikio na mashavu hujibana ili joto lisipotee. Shinikizo la damu hupanda na moyo hulazimika kusukuma dhidi ya mishipa iliyobana. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo aweza kupata maumivu ya kifua akitembea kwenye theluji mwendo ambao nyumbani haumsumbui.

Upepo huzidisha madhara. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiambatana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, huipoza ngozi kana kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Aendeshaye pikipiki ya theluji hujitengenezea upepo huo mwenyewe, hata siku ikiwa tulivu.

Madhara makuu ni mawili. La kwanza ni kuganda kwa viungo. Sehemu husika huchoma, kisha hufa ganzi, na ganzi hiyo humdanganya mgonjwa kwamba nafuu imekuja. Vitabu vingi huelezea ngozi inayogeuka nyeupe. Kwa mtu mweusi weupe huo huenda usionekane mapema. Badala yake ngozi hufifia na kuwa ya kijivu, ngumu na yenye mng'ao wa nta, kwa hiyo kugusa na kuuliza ni muhimu kuliko kutazama tu. Jambo hili linawahusu hasa wasafiri kutoka Afrika, kwa kuwa tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika walipata majeraha ya baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao.

La pili ni kushuka kwa joto la mwili mzima chini ya nyuzi 35. Mwanzoni mtu hutetemeka. Kisha hujikwaa, hudondosha vitu, hutamka maneno kwa kukokota, na hununa bila sababu. Joto likizidi kushuka, kutetemeka hukoma, na mgonjwa huweza kudai kwamba anahisi joto, hata akaanza kuvua nguo. Akili inayopaswa kutambua hatari ndiyo inayopoa kwanza, na kwa sababu hiyo mgonjwa si shahidi wa kutegemewa kuhusu hali yake. Anayeweza kuiona hatari kwa wakati ni mwenzake.

Maradhi ya zamani katika mazingira mapya

Chukulia mmoja wa wale wanane wa Longyearbyen ni mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka kumi na mitano. Miguu yake imeanza kufa ganzi, lakini hutembea vizuri. Insulini yake ameiweka kwenye begi lililofungwa nyuma ya pikipiki, ambako itaganda, na insulini iliyokwisha kuganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kipima sukari chake, kikiwa kimepoa, kinaonyesha alama ya hitilafu. Saa sita mchana anaanza kukokota maneno na kujikwaa. Je, ni joto la mwili lililoshuka, au ni sukari? Dalili zinafanana mno, na kiongozi asiyejua kwamba mtu huyu ana kisukari hatafikiria kumpa kinywaji cha sukari. Jioni, akivua buti, anakuta kidole cha mguu kimekuwa kigumu na cha kijivu. Hakuhisi maumivu yoyote siku nzima.

Lau kiongozi angalijua, hatua zilizohitajika zilikuwa nyepesi: insulini na kipima sukari vikae ndani ya nguo karibu na mwili, kundi lisimame mara kwa mara, vidole vikaguliwe wakati wa chakula cha mchana, na biskuti zikae katika mifuko miwili, wa msafiri na wa mwenzake. Hakuna hata moja kati ya hizo ingaliwaharibia wengine safari.

Maradhi mengine nayo yana tabia zake. Mwenye pumu huathiriwa na hewa baridi na kavu. Afunike pua na mdomo kwa skafu, na pampu yake aiweke mfuko wa ndani, maana pampu iliyopoa haitoi dawa sawasawa. Anayetumia propranololi au atenololi, au mwenye mishipa ya vidole inayobana kupita kiasi, atapata ubaridi wa mikono mapema kuliko wenzake. Mtumiaji wa dawa za kukojosha asiziache kwa siri ili kukwepa usumbufu wa choo. Apange na daktari wake saa ya kuzinywa.

Ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, unastahili neno la peke yake, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Baridi na upungufu wa maji huchochea chembe nyekundu kuziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Msafiri mwenye selimundu anaweza kufika Tromsø au Rovaniemi na kurudi salama, ila safari ya siku nyingi mbali na hospitali si ya kuiingia bila mashauriano ya kina. Ushauri huu unawafaa pia wazungumzaji wa Kiswahili, wakiwamo waliotoka Kongo, ambao leo makazi yao yako Norwei, Uswidi, Ufini na Kanada, na ambao hukutana na baridi wakiwa kituoni wakisubiri basi.

Kundi likiwa tiba

Viongozi wazoefu hawategemei swali la asubuhi peke yake. Huwapanga wasafiri wawili wawili, kila mmoja akiwa na wajibu wa kuutazama uso wa mwenzake kila wanaposimama. Humwambia kila mtu ataje kitu alichokula au aoneshe vidole vyake vikikunjuka, kwa sababu swali la "uko salama?" hujibiwa "salama" hata na asiye salama. Msemaji wa Kiswahili anaielewa hali hii kuliko wengi. Adabu yetu humtaka mgonjwa ajibu "sijambo" kwanza, ndipo aeleze maumivu baada ya salamu ya tatu au ya nne. Adabu hiyo ni njema sebuleni. Kwenye theluji inagharimu vidole.

Thamani ya wenzi ilidhihirika Mei 20, 1999, karibu na Narvik, kaskazini mwa Norwei. Daktari Anna Bågenholm wa Uswidi alikuwa akiteleza kwa ski na wenzake wawili wa kazini alipoanguka kwenye kijito na kunaswa chini ya barafu. Wenzake walimshikilia na kuita msaada mara moja. Alikaa majini takriban dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya chuo kikuu ya Tromsø kwa helikopta, huku kifua kikishindiliwa njia nzima, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7. Alipashwa joto kwa mashine ya moyo na mapafu, akapona, na akarejea kwenye kazi ya udaktari. Kisa chake kimewafundisha wahudumu wa afya kwamba aliyepoa sana asitangazwe kuwa amefariki kwa haraka. Kwanza apashwe joto. Kimewafundisha pia kwamba mlolongo wa uokoaji huanza na rafiki aliyeona na akasema.

Somo kwa watu wa Kilimanjaro

Mafunzo haya si ya Aktiki peke yake. Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hufikiwa kwa kawaida alfajiri, katika baridi iliyo chini ya sifuri na hewa haba. Huko nako waongoza watalii huuliza kila jioni juu ya kichwa, usingizi na hamu ya kula, na wengi hupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Huko nako hufichwa mengi: mgeni huficha kichwa kuuma asije akateremshwa, na mpagazi huficha kikohozi asije akakosa ujira. Wa pili anastahili kuulizwa kwa makini kuliko wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi nguo zake ni nyepesi zaidi na ukweli wake una gharama kubwa zaidi.

Kabla ya safari

Mgonjwa anayekusudia kwenda nchi za baridi amwone mhudumu wa afya wiki sita au zaidi kabla ya kuondoka. Achukue dawa za ziada za wiki moja au zaidi, azigawe katika mizigo miwili, na nyingine abebe mkononi. Awe na karatasi ya Kiingereza inayotaja maradhi, dawa na vipimo vyake. Bima yake itaje waziwazi uokoaji kwa helikopta na ndege ya wagonjwa. Avae nguo za tabaka, ya ndani ikiwa ya sufu na si pamba inayoshika jasho. Buti ziwe na nafasi ya vidole kuchezacheza. Miwani ya jua isisahauliwe, maana mwanga unaoakisiwa na theluji huunguza macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Pombe aiache mpaka arudi hotelini, kwa sababu humpa hisia ya joto huku ikilipoteza joto lenyewe.

Mhudumu wa afya naye asiulize tu "unaumwa?" Aulize: unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kupumzika? Unahisi sakafu ukiwa peku? Ukipungukiwa na sukari, huanza kuhisi nini? Nani katika kundi atajua? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi.

Iwapo kiungo kimeganda, kisisuguliwe kwa mkono wala kwa theluji, wala kisiokwe motoni. Kiyeyushwe kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, lakini pale tu ambapo hakuna hatari ya kuganda tena, maana kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Matibabu yamesonga mbele: Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha iloprosti, dawa ya mshipani inayofungua mishipa midogo, iwe ya kwanza nchini humo kwa viungo vilivyoganda vibaya. Lakini dawa hiyo huanzwa hospitalini na hufaa zaidi ikianzwa mapema. Mgonjwa aliyenyamaza mpaka jioni ameupunguza muda huo kwa hiari yake.

Asubuhi ya pili huko Longyearbyen kiongozi atauliza swali lile lile. Mwenye kisukari akimsogelea pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ana kisukari, na kwamba miguu yake haihisi vizuri, mazungumzo hayo yatachukua dakika mbili. Kiongozi atamshukuru, atahamishia insulini mfuko wa ndani, atamchagulia mwenza, na msafara utaondoka kama ulivyopangwa.